Haki Isiyodaiwa: Katika Kuvuna Matunda na Mboga za Nyumbani

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyetupa ardhi na mvua, akatutolea kwa hizo riziki tusiyoweza kujitolea wenyewe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Kaskazi ivumapo katika pwani yetu, na mvua za vuli zikiisha kupita, ndio wakati bustani za majumbani hutoa kwa wingi. Miembe huinama kwa mzigo, ya dodo na ya boribo na ya ngowe. Mapapai huiva moja baada ya moja. Na katika matuta yaliyopandwa kwa mvua ya vuli hupatikana bamia, bilingani, matango, kunde na mchicha. Mwenye nyumba hutoka asubuhi na upembo wake na kikapu chake, akaangua na kuchuma, kisha akaingia ndani. Kazi hii ni halali, tena ina baraka. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Anas bin Malik, ya kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila kinacholiwa katika mti alioupanda Muislamu, awe mlaji ni mtu au ndege au mnyama, huhesabiwa ni sadaka yake.

Lakini katika kazi hii ndogo mna suala kubwa, nalo ni hili: Mtu aliye na miembe miwili nyuma ya nyumba yake, na tuta la mchicha na bamia, je, siku avunapo ana wajibu wowote kwa jirani yake asiye na mti wala tuta? Na ikiwa anao, ni wajibu gani huo ambao hapana kadhi awezaye kumhukumia, wala hapana mtu awezaye kusimama mlangoni pake akamdai?

Kwanza yatupasa tujue sheria imesema nini, ili tusije tukawafaradhishia watu lisilofaradhishwa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, Mwenyezi Mungu amrehemu, zaka ya mazao haiwajibiki ila katika vyakula ambavyo watu hujilisha kwavyo na vikawekeka, kama mpunga, mtama, ngano na kunde zilizokauka. Na katika matunda ni mawili tu, tende na zabibu. Tena haiwajibiki mpaka yatimie wasaki 5, nazo ni pishi 300 kwa pishi ya Mtume (S.A.W.). Zikitimia, hutolewa fungu la 10 katika kilichonyweshwa na mvua, na nusu yake katika kilichonyweshwa kwa taabu na gharama. Ama embe, papai, pera, ndimu, komamanga, bamia, mchicha na mfano wa hivyo, havina zaka hata vikiwa vingi namna gani. Imam Abu Hanifa amekwenda njia nyingine, akaona ya kuwa kila kitokacho katika ardhi kina fungu lake, hata mboga za majani. Lakini hata wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo. Sisi twashika madhehebu yetu, na hukumu ni hiyo tuliyoitaja. Mwenye kuuza maembe yake akapata fedha, basi fedha hizo zikifika nisabu na zikakaa mwaka ndipo zina zaka ya fedha. Embe lenyewe halina.

Hapo ndipo mtu husema: "Alhamdulillahi, sina deni. Matunda ni yangu yote, nitakula nitakacho na kuuza nitakacho, na kinachobaki nitakiacha kioze, wala hapana wa kuniuliza." Ndugu yangu msomaji, neno la kwanza katika maneno haya ni kweli: huna deni la zaka. Lakini neno la mwisho, ya kuwa hapana wa kukuuliza, ndilo tunalotaka kulitazama.

Tazama kisa cha watu wa bustani alichokisimulia Mwenyezi Mungu katika Surat al-Qalam. Walikuwa watu wenye bustani yao wenyewe. Wafasiri wengi wamesema ilikuwa katika nchi ya Yaman, karibu na San'aa, na kwamba walirithi kwa baba yao aliyekuwa na ada ya kuwapa maskini siku ya kuvuna. Walipoimiliki wao, waliapa kuwa wataichuma asubuhi na mapema, wala hawakusema inshaallah. Wakaondoka alfajiri wakinong'onezana, ili asiingie maskini hata mmoja siku ile. Wakaikuta bustani imeteketea usiku wao wamelala. Kwanza wakadhani wamepotea njia. Kisha wakatambua ya kuwa hawakupotea, bali wamenyimwa.

Sasa zingatia. Matunda yale yalikuwa mali yao, hawakuyaiba kwa mtu. Kisa hakikututajia maskini aliyekuja akabisha hodi akafukuzwa, wala hakikututajia deni walilolikana. Na sura hii iliteremka Makka, kabla ya kuwekwa nisabu na viwango vya zaka Madina. Basi kosa lao ni lipi? Kosa lao ni kuwa walichagua saa ya kuvuna kwa ajili ya kukwepa macho ya watu. Walijua ndani ya nafsi zao kuwa maskini ana jambo kwao. Lau wasingalijua, wasingalinong'ona. Mtu hamfichi ila yule anayejua kuwa ana haki naye. Mnong'ono wao ulikuwa ni ushahidi juu yao.

Kwa hiyo wanavyuoni wetu wamependelea mavuno yawe mchana, wala yasiwe usiku, ili mwenye haja apate kuona na kuomba. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Sheria haikusema "mpe fulani kadha wa kadha". Imependelea tu kwamba usijifiche. Mtu akivuna mchana, mbele ya watu, moyo wake wenyewe utamfundisha la kufanya.

Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Surat al-An'am tule katika matunda yazaapo, na tutoe haki yake siku ya kuvunwa, wala tusifanye israfu. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika haki hiyo. Wako waliosema kuwa ni zaka yenyewe. Na wako waliosema, naye ni katika hao Mujahid, ya kuwa ni kitu kisichokuwa zaka, wapewacho maskini wahudhuriao mavuno, bila ya kipimo. Hata tukishika kauli ya kwanza, kauli ya pili yatuonyesha ya kwamba watu wa zamani walielewa kuwa siku ya mavuno si siku kama siku nyingine, wala atazamaye mavuno ya mwenziwe si kama apitaye njiani.

Na lau mtu atasema: "Wajibu usiokuwa na wa kuudai si wajibu, bali ni hisani tu, nikitaka nitafanya, nisipotaka sifanyi." Jawabu yake ni kuwa maneno haya hayasimami. Maiti hawezi kudai kuoshwa wala kusaliwa, na hayo ni faradhi juu yetu. Mnyama aliyefungwa hawezi kwenda kwa kadhi, na katika sheria yetu ni wajibu juu ya mwenyewe kumlisha na kumnywesha. Mtoto mchanga hajui hata kuwa ana haki, na haki yake yamlazimu baba yake. Basi wajibu hautoki katika ulimi wa mwenye kudai. Watoka kwa Mwenye kuamrisha, naye husikia hata pale pasipo na sauti. Bali haki ya asiyeweza kudai ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani mwenye kudai aweza kusamehe, na asiyeweza kudai amemwachia Mola wake.

Tena yafaa tuzipambanue daraja mbili. Ya kwanza ni ya mwenye njaa khasa. Huyu jambo lake si la hisani hata kidogo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amehesabu katika kitabu chake Minhaj ya kuwa kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi ni katika faradhi za kifaya, ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha. Na faradhi ya kifaya, wakiiacha watu wote wa mtaa, hupata dhambi wote wawezao. Basi ikiwa jirani yako analala na watoto wake bila ya chakula, na mapapai yako yaoza mtini, usijifiche nyuma ya hukumu ya zaka, kwani hukumu hiyo haikukuondolea hiyo faradhi nyingine.

Daraja ya pili ni ya jirani asiye na njaa, lakini hana mti. Huyu kumpa ni sunna, wala si faradhi, nasi hatuiongezi daraja yake. Lakini mtu mwenye akili hajiulizi tu "Nitaadhibiwa?" Hujiuliza pia "Mimi ni mtu gani?" Katika Surat al-Maun, mwishoni kabisa, wametajwa kwa ubaya watu wanyimao vitu vidogo vya kufaana, nao wametajwa pamoja na wenye kughafilika na Sala zao. Fungu la mchicha ni katika vitu vidogo hivyo.

Nionavyo, katika sheria kutotia zaka kwenye matunda na mboga hizi mna hikima, na hii ni hikima ya kuzingatiwa, si hukumu. Tende na mpunga huwekeka: hupimwa kwa pishi, hutiwa ghalani, hungoja mtoza zaka mpaka aje. Embe halingoji. Bamia likikaa mtini siku tatu zaidi hukakamaa likawa halilikwi, na mchicha ukichumwa asubuhi jioni umenyauka. Kitu kama hiki hakifai kukusanywa na kupimwa na wenye amri. Chafaa kutoka mkono hadi mkono, mlango hadi mlango, siku ile ile. Basi sheria haikuliacha embe kwa sababu jirani hana fungu. Imemwachia mwenye mti alipeleke mwenyewe.

Mtu mwingine atasema: "Mimi nimepanda kwa mkono wangu, na siku hizi hata maji ya kunyweshea nanunua." Kweli, na taabu ina haki yake, kwa ajili hiyo hata zaka hupunguzwa kwa nusu katika kilichonyweshwa kwa gharama. Lakini angalia, imepunguzwa, haikuondolewa. Na katika Surat al-Waqia tumeulizwa kama sisi ndio tuoteshao hayo tuyalimayo. Wewe ulitia kokwa ardhini na ukatia maji. Kulipasua kokwa, kutoa chipukizi, kuligeuza ua kuwa tunda, na kutia utamu katika lililokuwa chungu, hayo hukuyafanya wewe. Wala miembe mingi iliyomo majumbani mwetu hatukuipanda sisi. Waliipanda mababu waliojua kuwa hawatakula sana matunda yake. Sisi twala sadaka yao, kisha twawazuilia wengine.

Na wa tatu atasema: "Nikifungua mlango, watoto watavunja matawi, na wezi wataingia." Hapa yatupasa tuseme haki kwa pande zote mbili. Sheria imelinda mali ya mtu. Katika madhehebu yetu, mpita njia hana ruhusa kula matunda ya mwenziwe bila ya idhini, ila aliyeshikwa na dharura, na huyo naye akila atalipa. Embe lililoanguka ndani ya ukuta hukumu yake ni kama lililo mtini. Ama lililoanguka nje ya ukuta, ikiwa ada ya watu wa mji ni kuachiliana, basi kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ada hiyo husimama mahali pa idhini. Basi mwenye kuruka ukuta amekosa, hata kama mwenye mti ni bakhili. Ubakhili wako haumhalalishii yeye wizi, na wizi wake haukuhalalishii wewe ubakhili. Kila mmoja ataulizwa lake. Bali walio wengi katika watoto hawaji na mawe kwenye mti ambao wamezoea kupewa matunda yake kwa mkono.

Na tazama pia jambo la tawi lililovuka ua. Matunda yaliyo katika tawi lililoingia uwanjani kwa jirani ni yako wewe mwenye mti. Jirani hawi mmiliki kwa kuwa yako juu ya kichwa chake. Lakini sheria imempa haki ya kukutaka uliondoe tawi hilo, na ukikataa yuna ruhusa kulipinda, na lisipopindika kulikata. Basi jirani afagiaye majani ya mwembe wako kila asubuhi, akanyamaza asikutake ukate, amekufadhili kwa haki yake. Je, yafaa wewe utie upembo juu ya ua, uangue la mwisho lililo juu ya uwanja wake, kisha uondoke na kikapu naye atazama?

Ama adabu za kuvuna, zilizo nyepesi kwa kila mtu, ni hizi. Ya kwanza ni tunda la mwanzo. Imepokewa na Muslim kwa Abu Huraira ya kuwa watu wa Madina walipoona tunda la mwanzo walimletea Mtume (S.A.W.), naye akiomba baraka katika matunda yao na mji wao na vipimo vyao, kisha akimwita mtoto mdogo kuliko wote waliohudhuria akampa. Zingatia ya kuwa hakulila yeye, wala hakumpa mkubwa wa watu. Amepewa yule ambaye furaha yake ni kubwa na uwezo wake wa kudai ni mdogo. Mtu akianza mavuno yake namna hii, mkono wake utakuwa umefunguka kwa yaliyobaki.

Ya pili ni kuwa uanze na walio wako. Watu wa nyumbani mwako wana haki ya kwanza, kisha jamaa, kisha jirani. Abu Talha alipotaka kuitoa bustani yake ya Bairuhaa, iliyokuwa ikielekea msikiti wa Mtume, naye akiipenda kuliko mali yake yote, Mtume (S.A.W.) alimuelekeza aigawanye kwa jamaa zake. Hatumwambii mtu awanyime wanawe ili asifiwe mtaani.

Ya tatu ni kuwa usitoe kilicho kibovu. Katika Surat al-Baqara tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya katika mazao tukakitoa, na hali sisi wenyewe tusingalikipokea ila kwa kufumba macho. Asiyetaka kumpa jirani embe zuri, asimpelekee lililotobolewa na ndege akaliita zawadi.

Ya nne ni katika kuuza. Kuuza ni halali, na wengi wana haja nayo. Lakini imeenea ada ya mnunuzi kuja mti ungali na maua, au matunda yangali machanga, akanunua yote kwa fedha mkononi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda mpaka kuonekane kufaa kwake, na katika madhehebu yetu hayauziki kabla ya hapo ila kwa sharti ya kukatwa papo hapo, na yawe ni yenye kufaa kwa jambo. Mwenye kuuza hivyo bila ya sharti ameingia katika biashara isiyosihi, na zaidi ya hayo amejifungia mlango. Msimu ukifika, mtoto wake mwenyewe hatapata embe la kumpa mwenziwe. Uza yakipevuka, na ubakishe tawi moja.

Ya tano ni kuwa usiache yakaoza. Israfu imekatazwa katika aya ile ile ya mavuno. Na katika zama zetu israfu hii imekuwa na madhara yaonekanayo. Mwaka 2003 alitambuliwa katika Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, naye ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Hutaga mayai ndani ya embe. Funza wake wakila wakishiba hutoka wakaingia mchangani, kisha wakawa nzi wapya wakaruka kwa jirani. Basi matunda yaozayo chini ya mti wako si hasara yako peke yako. Ni madhara kwa miembe ya mtaa mzima, na kuwadhuru watu ni haramu. Yaokote kila siku. Yaliyo mazima yape watu, na yaliyoharibika yazike kwa kina kirefu, au yafunge katika mfuko usiopitisha nzi uyaache juani. Tazama namna mambo mawili yalivyokutana: mkono unaogawa mapema ndio unaolinda mti.

Ewe ndugu yangu, kaskazi hupita, na mti ulioinama kwa mzigo katika Januari huwa mtupu kabla ya masika. Kilicholiwa kimekwisha, na kilichouzwa fedha yake imekwisha. Kitakachobaki ni kile kilichotoka katika kikapu chako kikaingia katika mlango wa mtu asiyekudai. Watu wa bustani ile walijuta, wakakiri kuwa walidhulumu, wakamtaraji Mola wao awape iliyo bora kuliko hiyo. Sisi tumepewa kisa chao kabla ya bustani zetu kuteketea, na hiyo ni rehema.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika matunda yetu na vipimo vyetu, aifungue mikono yetu na aihifadhi miji yetu, na awarehemu waliotutangulia waliopanda tukala. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Amin.